Mkanda bapa upi ununue kwa karakana ya shafti moja

Mota moja ya hospawa 1 inatosha kuendesha kerezo dogo, drili ya mezani na jiwe la kunolea kwa kutumia shafti moja, yaani mhimili mrefu unaozunguka na kugawa nguvu ya mota kwa mashine zote, ilimradi usizitumie zote kwa mpigo. Mota ikizunguka mara 1440 kwa dakika, puli yake ikiwa ya kipenyo cha mm 75 na ya shafti mm 375, shafti itazunguka mara 288 hivi. Hapo kati ya mota na shafti funga mkanda wa V, kwa sababu mkanda bapa huteleza kwenye puli ndogo iliyo karibu. Bapa, wa upana wa mm 50, ni wa kutoka shafti kwenda mashineni.

1. Turubai lenye mpira, tabaka 3. Ndio wa kwanza kuutafuta: maduka ya vipuri vya mashine za kusaga huukata kwa mita. Adui yake ni mafuta. Ukirushiwa kila siku, mpira hulainika na matabaka huachana.

2. Ngozi. Hushika vizuri kuliko turubai, upande laini ukigusa puli. Lakini ni ghali, hurefuka wiki za mwanzo, na unyevu wa pwani huurefusha zaidi.

3. Mkanda wa gari wenye mifereji 6. Upana wake ni mm 21 tu, basi uwe wa kerezo dogo. Kata, chonga ncha zote mbili mshazari wa mm 70, gundisha kwa supaglu.

4. Nailoni. Mzuri sana, ila kuuunga kunataka gundi maalumu na, mara nyingi, mashine ya joto.

Vipande vya mkanda wa kubebea kokoto achana navyo hata ukipewa bure: ni vinene, havikunjiki kwenye puli ndogo.

Maungio ndiyo yanayoharibika kwanza. Ncha zikatwe kwa kupimia skwea; zikienda upande, mkanda utayumba kila mzunguko. Kulabu za chuma za kuungia ncha zilingane na unene wa mkanda. Kata mkanda pungufu kwa asilimia 1 ya urefu uliopima kuzunguka puli, yaani mm 30 kwa mkanda wa mita 3. Mkanda ukiendelea kuchomoka pulini, kagua kwanza kama shafti ziko sambamba, kisha kama puli ina mgongo: kipenyo cha katikati kizidi cha kingo kwa mm 1 hivi. Ukiteleza, usipake lami wala utomvu. Vyote huganda na kung'aa, uteleze zaidi. Panga upande uliolegea uwe juu, mkanda ukumbatie puli zaidi, na uweke kikinga: kulabu zinazopita kasi huchana vidole.