Safari ya Takwa kwa "dau" ambalo kumbe ni mashua (Lamu)

Jamani mkifika Lamu msipande tu kila mnachoambiwa ni dau, ulizeni kwanza. Mimi miaka yote kila chombo chenye tanga naita dau, na kijana aliyetushika pale gatini alisema hivyo hivyo, dau mpaka Takwa, ule mji wa kale uliobaki magofu kisiwani Manda, na kurudi, elfu moja mia tano kila mtu na chakula ndani, tulikua sita tukakubali. Kuingia tu nikamwambia nahodha, ami dau lako zuri mashallah. Akanijibu polepole, hii mashua mwanangu, tazama nyuma.

Basi ndo nikafunzwa. Dau limechongoka mbele na nyuma, mashua nyuma imekatwa bapa, na jahazi ni lile kubwa la mizigo, mbele limesimama wima na yale macho mawili ya duara kama linakuangalia. Kijana wa gatini anasema dau kwa sababu wageni neno wanalolijua ni hilo, dhow, Waingereza wakalitia h sijui ya nini na wakalibandika kwa kila chombo cha tanga, mpaka sambuki na baghala za Oman ambazo wenyewe kila moja wanaiita kwa jina lake. Jahazi nalo ni neno la Kiajemi, Wahindi pia wanalo na ndege wanaiita jahazi la hewani, nahodha pia Kiajemi, yaani bwana wa chombo. Meli je? Ni ile "mail" ya Kiingereza, stima za barua. Mi nilikua napanda meli ya Pemba tangu mdogo sijawahi kujiuliza.

Sasa safari yenyewe. Kwenda ni raha tupu, ule mkono wa bahari wenye mikoko pande zote maji yametulia, ila lazima muende maji yakiwa yamejaa la sivyo hamfiki, na huyu ami hesabu zake za maji hazikukosea hata kidogo. Takwa tuliona msikiti wa zamani na ile nguzo yake juu ya ukuta wa kibla, tukala samaki wa kuchoma na wali wa nazi, samaki alikua mtamu sana wallahi.

Kurudi ndo kazi. Ilikua mwezi wa nane, kusi, ule upepo wa kusini, linatupiga usoni, ikabidi tubishe, kona huku kona kule, baharia wake amekaa kwenye ubao nje ya chombo kuzuia kisipinduke na sisi tunaambiwa hamieni upande wa juu, mifuko ya mchanga ya farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, nayo inavutwa. Shuleni tuliimbishwa dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi ni Mungu kupenda, nikapata maksi zangu bila kujua joshi ni nini. Ni kule upepo unakotoka!! Siku ile nilielewa methali kwa mwili mzima, nimeshika ubao nimelowa chapa, na namshukuru huyo mzee kuliko mwalimu yeyote.

Kasoro zipo na nazisema kwa sababu ni roho za watu. Laifu jaketi zilikua nne na sisi sita, hiyo haikubaliki, kijana wa gatini aliahidi kila mtu ya kwake. Kivuli hakuna, bebeni leso na kofia. Maji yalikua yanaingia kidogo, baharia anayachota na kopo, ami akasema ni kawaida ya chombo cha mbao kalafati, zile pamba za kuziba nafasi za mbao, ikizeeka, sawa, lakini mwenye mtoto mdogo hatakua na raha.

Nyota nne kwa nahodha, mbili kwa aliyetuuzia. Ongeeni na nahodha mwenyewe, hesabuni jaketi kabla hamjatoa hela, na muulizeni majina ya kila kitu mpaka foramali, ule mti unaofungiwa tanga, atawaambia bila kuchoka.