Viatu vya shule Uganda: vya kununua kwanza na vya kuacha dukani

Muhula wa kwanza hufunguliwa mwanzoni mwa Februari. Kuanzia katikati ya Januari, madukani na sokoni, kuanzia Kampala mpaka Arua, viatu vyeusi vinatundikwa mlangoni. Vyote vinang'aa, na muuzaji atakuapia kwamba vyote ni ngozi. Ikifika Machi mvua zinaanza, barabara za vumbi zinageuka tope jekundu, na hapo ndipo mzazi anajua alinunua nini. Mtu mwenye watoto watatu, anayelipa ada, madaftari, sare na nauli ya boda, hana fedha ya kununua viatu kila muhula. Ndiyo maana nimepanga viatu hivi kwa kigezo kimoja: vitakugharimu shilingi ngapi kwa kila muhula vitakaovaliwa, ukihesabu na malipo ya fundi.

Chukua mfano. Kiatu cha 30,000 kikifa kila mwisho wa muhula, kwa mwaka wa mihula mitatu umetoa 90,000. Kiatu cha 75,000, ukaongeza 6,000 za kukishona, kikivaliwa mwaka mzima umetoa 81,000, na mtoto hakutembea hata wiki moja na kiatu kilichoachama. Bei hizo ni za mfano tu; weka za soko lako, ila hesabu ifanye kabla hujatoa noti.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalitazami ni mahali kiatu kinapofia. Tunaangalia juu, kunakong'aa. Kiatu cha mtoto hufia kwenye kiungo, pale soli inapokutana na sehemu ya juu, hasa mbele kwenye vidole. Mtoto anapiga mpira wa mapumziko kwa kiatu hicho hicho, anapiga teke mawe njiani, anapiga magoti kwenye saruji huku ncha za viatu zikisuguliwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si "ni bei gani?" bali "soli imeshikwa na nini?" Inaweza kuwa imeshikwa na gundi peke yake, au gundi na uzi, au imemiminwa ikiwa ya moto kiwandani ikashikana na sehemu ya juu moja kwa moja. Gundi peke yake haihimili tope na maji ya Aprili. Hizo nyingine mbili zinahimili.

Nafasi ya kwanza: ngozi mpya, soli nene iliyoshonwa au iliyomiminwa

Kwa mtoto wa P.4 (darasa la nne la msingi) kwenda juu, hiki ndicho ningekinunua hata kama ni lazima nianze kuweka akiba mwezi wa Oktoba. Bata wana maduka Uganda, na Toughees zao ni jina ambalo wazazi wa Afrika Mashariki wamelijua kwa miaka mingi, lakini jina peke yake lisikutoshe. Kishike kiatu chenyewe.

Kikunje. Kinatakiwa kupindika pale vidole vinapoanzia, mahali mguu unapojikunja mtoto akitembea. Kikipindika katikati, chini ya unyayo, hakina uti, na kitachosha mguu kabla hakijachakaa. Kibonyeze kisigino kwa nyuma kwa kidole gumba: kikibonyea kwa urahisi, baada ya mwezi mtoto atakuwa anakikanyagia na kukivaa kama ndara. Kisha tafuta sehemu iliyokatwa, kwenye ulimi au ukingoni mwa tundu la mguu. Ngozi halisi ikikatwa inaonyesha nyuzinyuzi zisizo na mpangilio. Ya bandia inaonyesha ngozi nyembamba ya plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa. Ukiibonyeza ngozi halisi kwa kidole inafanya mikunjo midogo midogo na kurudi. Ya bandia inabonyea bila mikunjo, au inafanya mkunjo mmoja mkubwa.

Kwa wasichana wanaovaa kiatu cha mkanda, vuta mkanda pale ulipoungwa na kiatu. Huko ndiko unakokatika. Bizimu ya chuma inadumu kuliko mkanda wa kunata, kwa sababu mkanda wa kunata ukishajaa vumbi na nyuzi za soksi haushiki tena, na hakuna fundi wa kando ya barabara atakayeubadilisha kwa bei nafuu.

Nafasi ya pili: mitumba ya ngozi

Kwa watoto wa P.1 mpaka P.3 mitumba naiweka ya kwanza, maana mguu wao unakimbia na kiatu kizuri kitawabana kabla hakijachakaa. Kiatu cha ngozi kilichotoka Ulaya na kuvaliwa miezi michache unaweza kukipata kwa bei ya kiatu kipya cha ngozi bandia. Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, ndilo kubwa kwa Kampala, lakini Mbale, Busia na Arua nako mitumba ipo ya kutosha. Nenda asubuhi marobota yanapofunguliwa. Jioni utakuta kilichoachwa.

Hapa macho yako ndiyo mtaji. Ndani ya kiatu, au chini yake, tafuta alama ndogo zilizochapwa. Viatu vinavyouzwa katika Umoja wa Ulaya vinatakiwa, kwa agizo la mwaka 1994, kuonyesha vimetengenezwa kwa nini. Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa ni ngozi. Umbo hilo likiwa na almasi ndani yake, ni ngozi iliyopakwa utando wa plastiki. Wavu ni kitambaa. Almasi peke yake ni vitu vingine, mara nyingi plastiki au raba. Alama hupangwa kwa safu tatu: sehemu ya juu ya kiatu, bitana ya ndani, na soli. Ukijua kuzisoma huhitaji kubishana na muuzaji.

Hatari kubwa ya mitumba iko kwenye soli. Kuna soli nyepesi na laini, zenye vitundu vidogo vya hewa, zinazotengenezwa kwa poliurethani. Zikiwa mpya ni nzuri sana. Lakini unyevu wa hewa unazila polepole hata kiatu kikiwa kabatini, na kiatu kilichokaa miaka kinaweza kuonekana kipya kabisa, kisha soli ikaanza kumung'unyuka wiki chache baada ya mtoto kukivaa. Fundi hawezi kuokoa soli hiyo, kwa sababu uzi hauna pa kushika. Ikandamize kwa ukucha pembeni. Ikiacha chembe, ikinata, au ikionyesha nyufa nyembamba unapokikunja kiatu, kirudishe kwenye rundo. Soli ya raba nzito haina tabia hiyo.

Namba nazo zinachanganya. Za Uingereza kwa watoto zinapanda mpaka 13 kisha zinaanza upya kwenye 1, kwa hiyo namba 1 ni kubwa kuliko 13. Wengi wanakiacha kiatu kinachomfaa mtoto kwa kuona "1" wakadhani ni cha mtoto mchanga.

Nafasi ya tatu: viatu vya mafundi wa hapa

Navipenda viatu hivi, na ningetamani niviweke juu zaidi. Ngozi tunayo, viwanda vya kuchakata ngozi viko Jinja, na fundi wa hapa akimpima mtoto mguu anamtengenezea kiatu cha miguu yake: mwenye mguu mpana au mwenye mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine hapati hilo dukani. Kinachovishusha ni kwamba ubora unabadilika kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine, na mara nyingine kwa fundi yule yule kutoka jozi hadi jozi. Soli ya ndani ndiyo ya kuuliza. Ikiwa ni kadibodi, siku ya kwanza ya mvua inalowa, inavimba na kukatika. Mwombe akuonyeshe kiatu ambacho hajakifunga, uone alichoweka katikati. Fundi anayejiamini atakuonyesha. Halafu mpe oda mapema, Novemba au Desemba, kabla hajazidiwa na kazi za Januari.

Nafasi ya nne: plastiki iliyomiminwa kipande kimoja

Kiatu hiki hakina kiungo cha kufumuka, maji hayaingii, na unakisafisha kwa kitambaa chenye maji. Ni cha bei ndogo kuliko vyote hapa. Ila mguu unatoka jasho ndani, na fangasi wa kati ya vidole wanapenda hali hiyo, kwa hiyo soksi za pamba zibadilishwe kila siku na kiatu kikaushwe usiku. Kikipasuka ndio mwisho wake. Na kwa watoto wanaopandishwa boda, kuwa macho: plastiki ikigusa bomba la moshi inayeyuka pale pale.

Pamoja na hayo, sitamwambia mzazi yeyote asikinunue. Mwaka 2015 wilayani Kamwenge, magharibi mwa nchi, watu waliovimba miguu walidhaniwa kuwa na matende yanayoenezwa na mbu. Uchunguzi ukaonyesha ni ugonjwa unaotokana na kutembea pekupeku kwa miaka mingi kwenye udongo wa asili ya volkano. Funza nao tunawajua, Busoga mwaka 2010 iliteseka nao sana. Kama fedha iliyopo inatosha kiatu hiki tu, kinunue, na mtoto akivae njia nzima ya kwenda na kurudi, si darasani tu.

Nafasi ya mwisho: vya kung'aa vya gundi

Hivi ndivyo vinavyouzwa zaidi kila Januari na ndivyo ninavyoomba uviache. Ngozi bandia nyembamba, soli ya gundi, ncha iliyochongoka kama ya kiatu cha harusi. Bei yake inafanana na ya mitumba nzuri. Sehemu ya juu inabambuka maganda pale kiatu kinapokunjika, na kitambaa cheupe kinatokea ambacho rangi ya viatu haikifichi. Kama tayari umekinunua, usisubiri kiachame, kipeleke kwa fundi leo.

Fundi kabla ya kuvaa

Kushonesha kiatu kipya kabla hakijavaliwa ndiyo fedha ndogo inayofanya kazi kubwa kuliko zote katika hesabu hii. Tazama fundi mzuri anavyofanya. Anachana mfereji mwembamba kwa kisu kuzunguka ukingo wa soli, kisha anatoboa kwa msharasi, anaudaka uzi wa nailoni kutoka ndani na kuuvuta mpaka uzame mfereji mzima. Mfereji ndio siri: uzi uliozama haukanyagi chini. Fundi asiyechana mfereji anauacha uzi juu ya soli, unasagwa na changarawe, na baada ya wiki kadhaa mshono unafunguka wote. Mwambie kabla hajaanza, na simama uone. Soli iliyomiminwa na kushika vizuri haihitaji kutobolewa, na soli nyembamba sana ikitobolewa inapasuka kwenye matundu, kwa hiyo muulize fundi atakavyoiona yeye.

Kupima mguu bila kumpeleka mtoto sokoni

Mpime jioni, kwa sababu mguu unavimba kidogo mchana kutwa. Asimame kwenye karatasi akiwa amevaa soksi, uzito kwenye miguu yote miwili, uchore mzunguko wa kila mguu. Pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote, na ufuate mguu mkubwa. Ongeza sentimita 1.2 za nafasi, kisha zidisha kwa 1.5, na hiyo ndiyo namba ya Ulaya. Mguu wa sentimita 20 unakuwa 21.2, ukizidisha unapata 31.8, yaani namba 32. Kata kijiti cha urefu huo wa 21.2 na uende nacho. Namba zinazochapwa kwenye viatu hazilingani kila kiwanda, lakini kijiti kikilala ndani ya kiatu bila kupinda, mguu utaenea. Beba na karatasi yenyewe, uweke soli juu yake uone kama upana unatosha.

Namba moja ya Ulaya ni kama milimita 6.7. Mzazi anayenunua namba tatu zaidi "akue nacho" amempa mtoto sentimita 2 za kuburuza, na kiatu kinachoburuzwa kinaisha ncha kabla mguu haujakifikia. Namba moja zaidi ya kipimo inatosha, na soli ya ndani ya ziada uiweke kwa miezi ya mwanzo.

Kiatu cha ngozi kikilowa, kijaze magazeti na ukianike kivulini. Kukiweka karibu na sigiri kunakausha mafuta ya ngozi nayo inapasuka.

Kikimbana mkubwa, mdogo wake anaweza kukirithi, ila kigeuze kwanza utazame kisigino. Kama kimelika upande mmoja, kinamfundisha mdogo mwendo wa kaka yake. Mwambie fundi asawazishe kisigino, ng'oa soli ya ndani uweke mpya, ndipo umpe.