Miguu isigande: dola yako ya kwanza iende wapi ukinyonga baiskeli wakati wa theluji

Mdogo wangu alifika hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, kutoka Tanga mwezi wa Novemba, na wiki ya pili akaazima baiskeli yangu kwenda kazini. Jioni aliporudi alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, hata kofia hakuvua. "Dada, vidole sivisikii kabisa." Alikuwa amevaa jozi tatu za soksi za pamba ndani ya raba aliyokuja nayo, nayo imembana mpaka kamba zimemchora mguuni. Nilimvua taratibu, nikamletea beseni la maji ya vuguvugu. Damu ilipoanza kurudi alipiga kelele kama aliyekanyaga siafu.

Kosa lake ni la kila mtu wa pwani anayekutana na baridi kwa mara ya kwanza: anaongeza soksi. Soksi haina joto lake. Joto ni lako, linaletwa na damu. Kazi ya soksi na kiatu ni kulizuia lisitoroke, na kinacholizuia hasa ni ile hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Kiatu kikibana, hewa inakamuliwa na damu inapita kwa shida. Baiskeli inazidisha tatizo, maana anayenyonga hakunji vidole kama anayetembea. Mapaja yanafanya kazi, unyayo umelala, na upepo unapiga ncha ya kiatu safari nzima. Ukienda kilomita 20 kwa saa siku ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 18 chini, hata kama mtaani hakuna jani linalotikisika.

Kwa hiyo kabla ya unene, nunua nafasi. Orodha hii nimeipanga kwa kuangalia thamani ya pesa, baada ya majira tisa ya baridi ya kwenda na kurudi zamu ya usiku, sehemu kubwa ikiwa kwenye Midtown Greenway, ile njia ya baiskeli ya kilomita 9 hivi iliyopita kwenye handaki la reli ya zamani. Bei ni za hapa, kwa dola.

Nafasi ya kwanza: buti ya kawaida ya theluji, pedali bapa, soksi moja ya sufu

Wauzaji wa baiskeli hawapendi kulisikia hili, kwa sababu buti hawauzi wao. Buti ya theluji inayovaliwa na kila mtu hapa ina soli nene ya mpira, shingo inayofunika kifundo cha mguu, na mara nyingi buti ndogo ya ndani ya sufu iliyoshindiliwa, ambayo unaweza kuichomoa ukaikausha. Mpya ni kati ya dola 60 na 150. Kwenye maduka ya mitumba nimeipata kwa 12, na ndiyo ambayo mdogo wangu anavaa mpaka leo, kamba moja nyeusi na nyingine ya kahawia.

Unapoijaribu, nenda jioni, kwa sababu mguu umevimba kidogo kuliko asubuhi, na ubebe soksi ileile utakayovaa. Kama unavaa namba 42, anza na 43. Simama, kisha chezesha vidole vyote vitano kama unayepiga kinanda. Vikigusa mbele au juu, irudishe rafuni hata kama bei inakuita. Halafu angalia upana wa soli: buti nyingine ni pana mno, kisigino kinagonga fremu ya baiskeli kila unapozungusha. Nilitembea na alama hiyo ya rangi kwenye kisigino msimu mzima.

Pedali ziwe bapa na pana, za plastiki ngumu. Za chuma zinapitisha baridi, ingawa soli nene inakusaidia hapo. Jozi nzuri ni dola 20 hadi 50.

Soksi ni moja, nene, ya sufu, dola 15 hadi 25. Pamba iache kabatini. Jasho likishaingia kwenye pamba linakaa humo, na maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inashikilia hewa. Mseto huu umenitosha mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri kwa safari ya dakika arobaini.

Ya pili: soli ya ndani ya sufu

Dola 10 hadi 15 tu, na hakuna kitu kidogo kinachofanya kazi kubwa kama hiki. Baridi nyingi inapanda kutoka chini. Soksi uliyoikanyaga imebanwa na uzito wako na haina tena hewa, lakini sufu iliyoshindiliwa haibonyei kirahisi. Onyo ni lilelile: ikijaza kiatu mpaka kibane, itoe.

Hapa niseme pia habari ya mfuko wa mkate, ingawa haununuliwi. Vaa soksi nyembamba, juu yake mfuko wa plastiki, juu yake soksi nene. Mguu utakuwa na unyevu, ndiyo, lakini jasho halitafika kwenye soksi inayokulinda. Inachekesha mpaka siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Ya tatu: vifuniko vya viatu

Hivi ni kama soksi kubwa za neopreni, ule mpira wa mavazi ya wapiga mbizi, zinazovaliwa juu ya kiatu na kufungwa kwa zipu au velkro nyuma. Dola 30 hadi 100. Kazi yake kubwa ni kuzuia upepo na matope ya chumvi, na kwa mtu mwenye viatu vya kunasa kwenye pedali ni njia rahisi ya kuvuka Oktoba, Novemba na Machi. Baridi ikizidi nyuzi 5 chini ya sifuri vinaanza kushindwa. Kabla ya kulipa, kigeuze uangalie upande wa chini, chini ya vidole: pakiwa na kitambaa chembamba, kutembea tu kwenye barafu na changarawe kutakitoboa kabla ya Krismasi. Changu cha kwanza, cha dola 35, kilidumu wiki sita.

Ya nne: viatu maalumu vya baiskeli vya msimu wa baridi

Ni vizuri, tena vizuri sana, na vimekaa hapa chini kwa sababu ya bei: dola 200 hadi 350, vingine zaidi. Kampuni ya 45NRTH iko Bloomington, jirani zetu kabisa, na buti yao iitwayo Wölvhammer utaiona sana Greenway mwezi wa Januari. Wölfgar ni ya baridi kali zaidi, ina buti ya ndani ya sufu inayochomoka. Kampuni za Lake na Shimano nazo zinatengeneza za kwao.

Anayezihitaji kweli ni yule anayekaa barabarani zaidi ya saa moja, au anayetaka mguu unaswe kwenye pedali. Udhaifu wao uko palepale kwenye kunasa: kile chuma kilichofungwa chini ya soli kinaungana na pedali ya chuma, na baridi inapanda moja kwa moja hadi chini ya vidole. Toa soli ya ndani, ziba matundu ya skrubu kwa utepe wa gundi, kisha weka soli ya sufu juu yake. Na hapa hasa chukua namba kubwa. Kuna wanaolipa dola 300 kwa kiatu kinachowabana na wanaganda kama mdogo wangu na raba yake.

Ya tano: vipasha joto vya mara moja

Ni vifuko vyenye unga wa chuma unaopata joto ukikutana na hewa, dola moja au mbili kwa jozi. Kwangu ni akiba ya mfukoni. Ndani ya kiatu kilichoziba havipati hewa ya kutosha, vinapoa kabla ya wakati. Vifungue robo saa kabla ya kutoka, uvibandike juu ya vidole, nje ya soksi. Kwenye ngozi tupu vinaunguza. Mwenye kisukari ambaye miguu yake haina hisia nzuri aviepuke. Vikibaki na uhai ukifika kazini, vifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa, vitalala mpaka jioni.

Ya mwisho: soksi za umeme

Dola 80 hadi zaidi ya 200. Nilinunua jozi mtandaoni. Betri ya kushoto ilikata njiani siku ya tatu, ya kulia ikaendelea, nikafika mguu mmoja Tanga na mwingine Minnesota. Baridi yenyewe inapunguza nguvu za betri. Ila kama una tatizo la mzunguko wa damu na daktari amekubali, kwako zinaweza kupanda hadi nafasi ya pili.

Jambo moja dukani hutaambiwa. Maelekezo mengi ya kuganda kwa ngozi yanasema tazama weupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi inaweza kuonekana kijivu tu, au kama imepakwa nta, kwa hiyo usingoje rangi. Vidole vikiuma kisha maumivu yakakatika ghafla huku bado uko kwenye baridi, hiyo si nafuu, ni ganzi. Shuka, tembea ukisukuma baiskeli mpaka uvisikie. Kama havirudi, ingia ndani ya jengo lolote. Usivisugue wala usivisogeze karibu na moto. Maji yawe ya nyuzi 37 hadi 39, ujaribu kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto. Ngozi ikibaki ngumu au ikitoa malengelenge, nenda hospitali.

Na kuna siku za kuacha baiskeli. Tarehe 30 Januari 2019 hapa ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Nilipanda basi, buti yangu nzuri mguuni.

Kama huna haraka, nunua mwezi wa Machi au Aprili, maduka yanapotaka kuondoa mzigo wa baridi. Namba kubwa ndizo hubaki rafuni, na ndizo unazozitafuta.