Miezi minane na HandBrake hapa Amu: WebM ya mtandaoni, MP4 ya sebuleni

Kazi yangu ni kupiga video za harusi hapa Amu, upande wa wanawake: hina, vugo, siku ya kupamba. Simu za wageni huachwa mlangoni, kamera inayoingia ni yangu peke yake, na kazi ikiisha mama wa bi harusi anapokea flashi moja mkononi. Mtandaoni haipandi hata picha moja. Natanguliza hilo kwa sababu wengi wanaosifu programu za kubana na kugeuza video, kama hii HandBrake, hudhani kila video inakwenda YouTube. Zangu nyingi haziendi popote. Zinalala kabatini chini ya kanga, na zitatolewa siku shangazi akija kutoka Mombasa.

Kwa hiyo miaka yote sikuwa na ugomvi na MP4. Kamera inatoa MP4, nahariri, natia kwenye flashi, napokea changu. Kilichonichokoza ni video isiyokuwa ya harusi.

Mwaka jana nilikwenda Matondoni kumrekodi fundi mmoja akikalafati jahazi. Mzee kaikalia pamba yake, anaisokota pajani, anaichovya mafuta, kisha anaishindilia kati ya mbao kwa chembeu na nyundo, tak-tak, tak-tak. Aliniambia jicho halina kazi kubwa hapo. Mlio wenyewe ndio unaokwambia kama pamba imeshiba. Nilirudi na dakika 22. Nikamwuliza, "Ami, nikuwekee wapi hii?" Akasema ana wajukuu Mombasa na mmoja yuko Oman, awekewe pahala ambapo hawataambiwa walipe, wala hataki matangazo ya sabuni yaingie katikati ya kazi yake.

Nikaona Wikimedia Commons ndiyo penyewe, ile hazina ya picha, sauti na video ambayo Wikipedia huchota humo. Nilimweleza kwamba kule ukishaweka, mtu yeyote anaweza kuitumia, hata kwa biashara, mradi ataje ilikotoka. Akanyamaza kidogo. "Basi wasisahau kutaja Matondoni." Nikafungua ukurasa, nikachagua faili, ikakataliwa papo hapo kabla hata ya kuanza kupanda. Kisa: ni MP4.

Nilidhani ni kosa langu. Sivyo. MP4 ni pakacha tu. Kilichomo ndani, mara nyingi, ni video iliyobanwa kwa H.264, kiwango cha mwaka 2003 ambacho mbinu zake zimeandikishwa hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu, na kampuni chungu nzima. Commons hawapokei fomati ambayo mtu anaweza kuidai mrabaha, yaani malipo ya kutumia mbinu yake. Na hapa watu huchanganya mambo mawili. Hakimiliki ya video ya Ami ni yangu mimi niliyeipiga. Hataza ni kitu kingine: ni madai juu ya namna ya kubana. Chukua fundi wa milango hapa Langoni. Mbao kanunua yeye, nakshi kazitoa kichwani mwake, halafu anatokea mtu na karatasi akisema ile namna ya kushika patasi ni yake, kwa hiyo kila mlango una fungu lake.

Nikakitafuta kile kitabu cha kamera ambacho hakuna anayekisoma. Kurasa za mwisho, herufi ndogo kama ufuta: leseni ya hataza za AVC, ambalo ni jina lingine la H.264, ni kwa matumizi binafsi ya mtu asiyefanya biashara. Nami kamera hiyo ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba! Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka nikaanza kusoma.

Moyo ulitulia nilipofika kwenye masharti ya MPEG LA, kampuni ya Marekani iliyozikusanya hataza hizo kikapu kimoja, ambayo siku hizi imeungana na wenzake ikaitwa Via LA. Anayeuza video moja moja, ikiwa haizidi dakika 12, hadaiwi kitu. Ikizidi, mrabaha ni asilimia 2 ya bei au senti 2 za dola, ile iliyo ndogo. Harusi nzima ya saa tatu, senti mbili! Sidhani kama kuna wakili atakayeshuka Mokowe, apande boti, aje kunigongea mlango kwa senti mbili. Na Agosti 2010 walitangaza kwamba video ya mtandaoni ambayo mtazamaji haitolei pesa haitatozwa mrabaha milele.

Kwa hiyo mzigo haukuwa wangu. Ulikuwa wa wanaotengeneza vivinjari na programu. Mozilla, wenye Firefox, mwaka 2010 leseni hiyo ingewala kiasi cha dola milioni 5 kwa mwaka. Na hata wangelipa, isingemfaa mtu wa kando anayechukua msimbo wao huria na kutengeneza kivinjari chake. Yeye angebaki na deni lake. Ndiyo maana Firefox 3.5 ya mwaka 2009 ilitoka na Theora, fomati iliyozaliwa na VP3 ambayo kampuni ya On2 iliitoa bure. Google wakainunua On2, na Mei 2010 wakaiachia VP8, fomati ya On2 hao hao, ndani ya pakacha jipya, WebM, bila mrabaha. Januari 2011 wakatangaza kwamba Chrome itaachana na H.264. Ahadi ni deni, lakini hilo halijalipwa mpaka leo. Chrome inacheza H.264 kama kawaida. Mwishowe Firefox nao wakalegeza, na mwaka 2013 Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, wakajitolea kugawa msimbo wao wa H.264 na kuubeba mrabaha wenyewe. Ukifungua MP4 kwenye kivinjari ukaona ni bure, basi ujue kuna mtu mahali amekulipia.

Sasa HandBrake yenyewe. Ni programu ya kugeuza video kutoka fomati moja hadi nyingine, ipo tangu 2003, ni bure na msimbo wake uko wazi. Kwenye kompyuta yangu ilikuja kwa Kiingereza, na mara ya kwanza vidude vya kubofya ni vingi kuliko subira ya mtu. Usitishike. Unamwaga faili yako pale, unachagua WebM, na kitu kimoja kinatokea ambacho nimekipenda sana: H.264 inatoweka kwenye orodha. Zinabaki VP8, VP9 na AV1, na kwenye sauti Opus au Vorbis. Yaani hata ukiwa na usingizi huwezi kutia kitu cha kudaiwa ndani ya pakacha la bure.

VP9 ni ya Google, ya mwaka 2013. AV1 ilitoka 2018, kazi ya muungano wa Alliance for Open Media ulioanzishwa 2015 na Amazon, Cisco, Google, Intel, Microsoft, Mozilla na Netflix. Mahasimu wa biashara wamekaa mkeka mmoja kwa sababu kila mmoja alichoka kulipa kivyake.

Nikachagua AV1, na tamaa ikaniponza. Kuna kipimo cha kasi, namba ikiwa ndogo kazi inakuwa safi zaidi na polepole zaidi. Nikaweka 3. Laptopu yangu ni ya mtumba, betri yake ilishakufa, haiwaki bila waya. Makadirio yakaandika saa tisa na ushei. Nikasema potelea mbali, nikaianzisha baada ya sala ya isha nikalala, na kile kipepeo cha ndani kikinguruma usiku kucha kama boti ya mizigo. Alfajiri, mwadhini hajamaliza, umeme ukakatika. Kazi yote ikaenda, maana hairudii pale ilipoishia, inaanza upya. Hilo si kosa la programu, ni mimi niliyeweka tumaini langu lote kwenye soketi ya ukutani.

Siku ya pili nikaweka 8. Dakika arobaini, imekwisha. Nikaitazama sana nisione tofauti ya maana na kile kipande kidogo nilichokuwa nimejaribia kwa 3. Kama una kompyuta ya kizamani, anzia 8 na usione haya.

Hesabu zangu ni hizi, kwa faili yangu na jicho langu. Iliyotoka kwenye kamera ilikuwa GB 4.6. Kwa H.264, kuibana mpaka kabla tu ya kuanza kuchakaa, ilifika kama MB 820. VP9 ikafika MB 500. AV1 ikashuka hadi MB 360. Kwa mtu anayenunua bando, tofauti ya 820 na 360 huhitaji kuelezewa.

Lakini ubora hauonekani kwenye namba. Kuna pahala Ami anainua uzi wa pamba kwenye mwanga, na nyuma yake ni maji ya mkondo yanayometameta. Kitu kigumu kubana kama maji yenye jua hakuna, kila chembe inakwenda njia yake. Nilipoilazimisha H.264 ishuke hadi MB 360 vilevile, bahari ilivunjika vigae, na nyuzi za pamba zikawa uji. Kwenye AV1 maji yalilainika kidogo, ukitafuta utaona, ila nyuzi zilibaki nyuzi. Nilisimamisha picha hapo nikahesabu zile zilizochomoza kidoleni mwake: nne.

Sasa upande wa pili. Kwa furaha zangu nikamtilia mteja mmoja harusi ya binti yake kwa WebM. Jioni yake napigiwa simu. "Mwanangu, TV inasema haijui hii ni nini." Nyumba imejaa wanawake, kahawa ishamiminwa, na skrini nyeusi. Nilikimbia na flashi nyingine, nikipishana na punda kwenye vichochoro vya Mkomani, na nikaapa. Harusi ni MP4, basi. TV za sebuleni nyingi hapa zinaijua H.264 na hazitaki mgeni. Hata simu ya zamani ya binamu yangu ilikataa ile AV1, na simu nyingine iliikubali lakini ikapata moto mkononi, kwa kuwa haina kipande maalumu cha kuifungulia na kichakataji kinabeba kazi yote. Kwa simu za aina hiyo VP9 ndiyo ya salama. Nzito kuliko AV1, lakini inafunguka.

Na wanaosema fomati hizi hazina doa, nao wamezidisha. Mwaka 2019 Sisvel, kampuni ya kusimamia hataza, ilitangaza kikapu chake cha hataza inazodai zinagusa VP9 na AV1. Muungano wa AV1 ulishikilia kwamba fomati yao ni bure, na una mfuko wa kuwatetea wanaoitumia wakishtakiwa. Sioni la kunitisha hapo mimi mpiga harusi. Ila neno "bure" kwenye mambo ya hataza maana yake ni kwamba wenye fomati wametoa ruhusa ya zile zao. Haliwezi kumfunga mdomo mtu wa nje. Kinga ya uhakika ni umri. Hataza huishi miaka 20. MP3 ilikuwa na madai tele, na mwaka 2017 wenye leseni zake wakafunga duka. Commons siku hizi wanapokea hata MPEG-2, kwa kuwa muda wa hataza zake umekwisha. H.264 nayo inazeeka. Iko siku faili kama ile ya kwanza itapita mlangoni bila kuulizwa.

Nyota? HandBrake naipa nne na nusu. Nusu nimeikata kwa wingi wa vidude, na hiyo labda ni uvivu wangu. WebM naipa tano kwa mtandaoni na mbili kwa sebuleni. Ukiniuliza nianzie wapi: AV1, kasi 8, ubora karibu na 30, sauti Opus 96. Mtandaoni usihangaike kutengeneza saizi ndogo ndogo, Commons huzitengeneza wenyewe, na mtazamaji mwenye bando dogo anachagua.

Sauti ndiyo niliyotaka kuifanyia ubahili. Opus ni ya bure pia, kiwango cha mwaka 2012, na inasifiwa kwa kubana bila kuumiza, basi nikasema niishushe mpaka chini kabisa. Nashukuru sikufanya. Video ilipokaa mtandaoni nilirudi Matondoni, nikamfungulia Ami kwenye simu ya mjukuu wake. Hakuitazama sana. Aliiweka simu karibu na sikio, akafumba macho, tak-tak, tak-tak, sisi sote kimya. Ilipofika dakika ya 14 akanyanyua kidole, akaniambia nirudishe nyuma kidogo. Akasikiliza tena.

"Hapo pamba haijashiba," akasema. "Ungeniambia unarekodi karibu hivyo, ningeirudia."