Afande amehasiwa: uzoefu wangu na daktari wa paka anayekuja nyumbani

Naandika kwa wenzangu wanaofuga paka dume ndani ya nyumba za kupanga hapa Kampala, ambao pua zao zimechoka na harufu ya mkojo. Mimi ni fundi cherehani. Nashona gomesi (vazi refu la kike la Kiganda), sare za shule, na msimu wa kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba ukweni) ukifika nashona kanzu pia. Chumba cha mbele ndiyo duka, cha nyuma ndimo tunamolala. Nimezaliwa kota za polisi Nsambya, baba yangu akiwa sajini, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha kambini, na paka nilimpa jina la Afande tangu siku ya kwanza kwa sababu alikagua kila kona kabla ya kukubali kukaa.

Kwangu paka si pambo. Kabla yake panya walinitafunia jora la satini kuanzia ncha hadi katikati, na mteja hakuniachia hata senti. Afande alipofika, panya walihama wenyewe. Ndiyo maana jirani aliponiambia nimtie kwenye gunia nikamwachie sokoni, sikumjibu.

Alipofika miezi minane hivi, akaanza kazi nyingine. Hachuchumai kama anayekojoa kawaida. Anasimama, anaupa ukuta mgongo, mkia unanyooka juu na kutetemeka kama waya wa redio, kisha mkojo unaruka nyuma na kupiga ukuta kwa usawa wa goti. Ulianza mguu wa meza ya cherehani, ukafuata mlango, na Ijumaa moja zamu ikawa ya gomesi.

Gomesi yenyewe ilikuwa ya zambarau, mita sita, mkanda umeshapigwa pasi, vile vifungo viwili vya kushoto shingoni nimevifunika kwa kitambaa kilekile. Nilikuwa nimeitundika mlangoni. Mteja alikuja saa kumi na moja jioni, kwanjula ni kesho yake. Akaishika, akaisogeza puani, akanitazama. “Nnyabo, hii ni nini?” Sikuwa na jibu. Nilikimbia mjini kabla maduka hayajafungwa, nikanunua kitambaa kingine kwa pesa yangu, na nilipokata uzi wa mwisho adhana ya alfajiri ilikuwa inasikika.

Sasa nieleze nilivyotumia pesa, maana huo ndio uzoefu wenyewe.

Kwanza nilinunua chupa ya kupulizia, shilingi 35,000, yenye picha ya paka aliyepigwa mstari mwekundu. Ilinukia ndimu. Nilipuliza mlangoni na kwenye mguu wa meza. Afande akaja, akanusa, akapiga chafya, akageuka, akajibu palepale juu ya ile ndimu. Chupa bado ninayo, naitumia kufukuzia nzi, na hata nzi haiwasumbui sana.

Pili, nakiri, nilimpiga kwa kandambili. Akajifunza haraka: hafanyi nikiwepo. Akawa anangoja niende kuteka maji, na nikirudi nakuta kuta mbili badala ya moja.

Tatu nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo, lile la kuku na ng'ombe. Muuzaji akanishauri nimpe paka nusu kidonge cha parasetamoli “apoe.” Namshukuru Mungu nilisita, maana baadaye nilielezwa kuwa parasetamoli ni sumu kwa paka, na kiasi kidogo tu kinaweza kumuua. Ukiambiwa hivyo na mtu yeyote, ondoka dukani.

Ndipo mteja wangu mmoja akanipa namba ya daktari wa wanyama aliyesomea Makerere, anayewafuata wanyama majumbani kwa bodaboda. Kwenye simu hakukimbilia kutaja bei. Aliniuliza: anasimama au anachuchumaa? Mkojo unapiga ukuta au unatuama sakafuni? Anajikamua bila kutoa kitu? Analia akikojoa? Akaniambia paka dume anayekwenda kwenye beseni lake la choo mara kwa mara na kutoa matone tu huenda njia ya mkojo imeziba, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, si ya kungoja Jumamosi. Wangu hakuwa na hayo. “Huyo anaandika jina lake,” akasema. “Anawaambia madume wengine kuwa hapa pana mwenyewe.” Kisha akanipa bei ya kumhasi: shilingi 120,000, yaani mitwalo kumi na miwili kama wanavyohesabu Waganda, kila kitu ndani. Chanjo ya kichaa cha mbwa angeitoza mbali; aliitaja kwa sababu paka naye huambukizwa na huambukiza.

Nilibisha bei. Hakushuka. Nilipokumbuka mita sita za satini, nikanyamaza.

Aliniagiza nisimpe chakula kuanzia saa nne usiku. Hapo ndipo lilipo lalamiko langu la kwanza kuhusu huduma hii: aliahidi saa mbili asubuhi, akafika saa tano. Saa tatu nzima nakaa na paka mwenye njaa anayeimba mbele ya mfuko wa mukene (dagaa). Daktari, kama una foleni, sema una foleni.

Alipofika, mambo yalikwenda haraka. Tulitandika shuka safi juu ya meza yangu ya kukatia. Alimpima uzito kwa kumbeba, akajipima mwenyewe kwenye mzani, akatoa tofauti: kilo nne na robo. Sindano ya paja. Ndani ya dakika chache Afande akalegea kama kitambaa kilicholoweshwa, lakini macho yamebaki wazi, jambo lililonitisha. Daktari akayapaka mafuta ya tyubu yasikauke, akasema dawa hiyo ya usingizi haifungi macho. Akanyoa kidogo, akasafisha, akapasua sehemu mbili ndogo ndogo. Hakushona. Mimi ninayeshona mchana kutwa nilimwuliza mbona anaacha wazi, akacheka: kwa paka dume kidonda ni kidogo, kinajifunga chenyewe. Dakika kumi kazi imekwisha, na nusu yake alikuwa ananawa mikono.

Kuamka ndiko kulikonichosha. Alizinduka akiyumba kama mlevi wa Kabalagala usiku wa mshahara. Nilikuwa nimeambiwa nimweke chini sakafuni, asipande juu akaanguka, mahali penye joto, na nisimpe maji mpaka asimame sawasawa. Siku chache za mwanzo nilimwekea magazeti yaliyochanwa kwenye beseni lake badala ya unga wa mbao, ili vumbi lisiingie kwenye kidonda. Jioni ile alikula. Kidonda kilikauka bila usaha.

Na kesho yake akanyunyiza ukuta.

Hili daktari hakuniambia mapema, na hapo ndipo lalamiko la pili. Nilimpigia simu kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa. Akanijibu kwamba mwili na tabia havibadiliki siku moja. Ni suala la wiki kadhaa, na kwa muda huo dume bado anaweza hata kumpa mimba jike. Akaongeza kuwa kati ya madume kumi wanaohasiwa, tisa hivi huacha au hupunguza sana, na mmoja huendelea. Nikamwuliza nitajuaje kama wangu ndiye yule mmoja. “Ngoja,” akasema. Neno rahisi kwa mtu asiyelala chumba hicho.

Akaniuliza pia nasafishia nini. Nikamwambia klorini na ile dawa ya choo yenye harufu kali. Kumbe nilikuwa najichimbia shimo. Baadhi ya dawa za kusafishia zina amonia, na kwa pua ya paka amonia inafanana na mkojo, kwa hiyo kila nilipopiga deki nilikuwa nafuta jina lake na kumwandikia lingine. Klorini nayo ikikutana na mkojo hutoa mvuke unaowasha macho na kifua. Njia aliyonipa: sabuni ya unga ya kufulia iliyoandikwa kuwa ina vimeng'enya (enzymes, vinavyovunja uchafu), iyeyushwe kwenye maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto. Loweka mahali pale kama robo saa, futa kwa maji safi, acha pakauke, kisha pitisha spiriti. Ukuta wangu wa saruji ulihitaji mara tatu. Mlango wa mbao ulihitaji mara tano, na pembe ya chini bado siiamini.

Wiki ya tatu nilihesabu mara mbili tu. Wiki ya tano hakuna. Ya sita akanyunyiza tena, chini ya dirisha, nikakaribia kulia. Nilipochungulia nje nikaliona paka shume la mtaani, kichwa kama ngumi, limekaa juu ya pipa linatazama ndani kana kwamba linadai kodi. Nikabandika karatasi za patani ninazokatia nguo nusu ya chini ya kioo ili wasionane. Tangu siku hiyo, miezi minne sasa, ukuta ni mkavu.

Ila usidhani kisu kinatibu kila kitu. Afande bado alikuwa anakwaruza kiti cha wateja, na hilo halihusiani na udume. Paka hukwaruza ili avue maganda ya zamani ya kucha, ajinyooshe mgongo, na kuacha harufu iliyo kwenye nyayo zake. Nilimwomba fundi seremala mmoja wa kando ya barabara ya Nsambya anitengenezee mti wa kukwaruzia uliozungushwa kamba ya mkonge. Wa kwanza alinitengenezea kama stuli ya mtoto, mfupi na unayumba. Afande aliugusa mara moja, ukatikisika, akaudharau milele. Wa pili nilisimamia mwenyewe: sentimita 90, kitako kizito cha ubao wa mninga, kamba imebanwa bila nafasi, shilingi 40,000. Na nisisahau hili: nilipouficha kona ya nyuma hakuujali. Nilipousimamisha ubavuni mwa kile kiti alichokuwa anakiharibu, nikavuta uzi juu yake kumchezesha, akauparamia siku hiyohiyo. Kiti nimekivisha shuka mpaka asahau.

Kilio cha saa kumi alfajiri bado kipo, na hicho ni kosa langu. Alilia siku moja nikampa mukene ili ninyamazishe nyumba, akahesabu hiyo kuwa ratiba. Sasa nampa chakula cha mwisho usiku na sinyanyuki asubuhi mpaka jua litoke. Wiki mbili za mateso, kilio kimepungua kidogo.

Kwa hiyo ningemwita tena daktari huyu? Ningemwita, kwa mikono yake. Kwa saa yake, ningemwambia saa mbili nikiwa namtarajia saa tano. Ile chupa ya ndimu sitainunua tena hata nikipewa bure na boda ya kurudi.

Aliyeumia zaidi ni baba. Alipokuja kututembelea nikamweleza, alikaa kimya akimtazama Afande amelala chali ndani ya kapu la vipande vya kitenge. “Umemvua cheo,” akasema. “Mbele ya watu.” Daktari anarudi mwakani kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na mzee ameshaniambia siku hiyo atakuwa na safari.