Mikutano ya kuacha pombe, Nairobi: uzoefu wangu wa miezi 14

Nianze na bei, kwani ndiyo niliyoiulizia kwanza: bure. Hakuna fomu, hakuna ada, hakuna anayetaka kitambulisho. Mkutano ukikaribia kwisha bakuli huzungushwa kwa ajili ya chai na kodi ya ukumbi. Mimi huweka hamsini. Mgeni huambiwa aliache lipite. AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ndio wenye mikutano hii) hawapokei mchango wa mtu asiye mwanachama, hata awe tajiri mwenye huruma namna gani.

Nilifika huko nikiwa natoa loki kabla sijaoga: robo ya asubuhi ili mikono itulie nishike mswaki. Mke wangu alikuwa ameacha kugombana nami, na kimya hicho kilinitisha kuliko kelele zote za awali. Usiku mmoja nikapiga 1192, laini isiyotozwa pesa ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Niliulizwa nakunywa kiasi gani na kwa muda gani, kisha nikashauriwa nianzie kwa daktari. Ewe unayekunywa kutwa, usiruke hatua hii. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla unaweza kupata kifafa, na hao wa mkutanoni ni walevi wenzako tu, hawana dripu.

Kupata mkutano wenyewe kulinitoa jasho. Orodha ya kwanza niliyoiona mtandaoni ilinipeleka kwenye ukumbi ambamo kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Sauti ya kwanza hadi ya nne, wote wakanigeukia. Nikasema namtafuta fundi wa umeme, nikatoka, nikaenda baa. Siku hizi mtu akiniuliza namwambia apige simu siku ileile ya mkutano, athibitishe saa na mlango.

Wa pili niliuchagua wa mbali makusudi, matatu mbili, nisije nikaonwa na mtu wa kwetu. Nikaketi, nikageuka, kando yangu yuko jirani wa ploti ya pili. Naye alikuwa amepanda matatu mbili kunikimbia mimi. Tangu siku hiyo tunasafiri pamoja.

Kikundi kile kilikuwa cha Kiingereza kitupu na watu wenye magari. Hawakunikosea, ila wiki mbili nilikaa kama mtu aliyekuja kuhojiwa kazi. Kilichoniweka ni cha tatu, cha Kiswahili na Sheng, viti vya plastiki, dirisha moja halifungi. Kila mmoja husema jina lake la kwanza na kwamba ni mlevi, wengine huitikia, kisha huongea dakika zake bila kukatizwa wala kupewa mawaidha. Hujisikii kuongea? Unasema "leo nasikiliza", inatosha.

Hadithi za wenzangu hazitoki pale, basi nitawapa yangu. Niliwahi kuchomoa mtungi wa gesi maharagwe yakiwa bado yanachemka, nikauuza, kisha nikarudi nyumbani kumfokea mlinzi kwa kuruhusu wezi. Nilipoisimulia nilitarajia kimya cha msibani. Ukumbi uliangua kicheko, nami nikajikuta nacheka. Mzee mmoja akapangusa macho akaniuliza, "Na maharagwe yaliiva?" Hapo ndipo nilipojua nitarudi Alhamisi.

Kuhusu dini, kwa kuwa wengi huuliza: ukumbi ni wa kanisa lakini kikundi si cha kanisa. Katika hatua 12 za AA za kuacha pombe Mungu yumo, ila "kama tulivyomwelewa", na Waislamu tunao, huja baada ya magharibi. Katika kikundi kimoja nilichopita kulikuwa na ndugu aliyegeuza kila zamu yake kuwa mahubiri. Mwenyekiti alimkatisha kwa adabu, wiki iliyofuata akaanza tena. Ikikukera, badilisha kikundi.

Utashauriwa kutafuta sponsa, mtu aliyekutangulia kuacha, wa kukushika mkono katika hatua hizo. Wangu ni fundi wa mabati. Nilimuuliza kwa nini hanitozi, akanieleza AA ilivyoanzia Akron, Ohio, Marekani, 1935: dalali wa hisa aliyekuwa ameacha kunywa alihisi kiu inamrudia, akatafuta mlevi mwingine wa kuongea naye, akapelekwa kwa daktari wa upasuaji. Wakaongea saa kadhaa. "Yule dalali alikuwa anajitibu mwenyewe," akasema. "Hata mimi ukinipigia saa nane usiku, usidhani ni wewe peke yako unayesaidiwa."

Mwezi wa nne nilikunywa. Matanga, ushago, binamu wakarimu. Nilirudi mkutanoni nimeinamisha kichwa. Nikapewa kiti, nikaanza kuhesabu kutoka siku ya kwanza. Kwa hiyo miezi ya mikutano ni 14, ya ukavu ni 10.

Dosari nyingine: wanawake ni wachache katika vikundi nilivyoona, na dada aliye peke yake katikati ya wanaume 15 ana haki ya kusita. Baadhi yao wanapendelea mikutano ya Zoom. Mimi huitumia usiku nikikosa usingizi, ingawa inakula bando. Mke wangu naye anahudhuria Al-Anon, ya jamaa za walevi. Hanisimulii yanayosemwa huko, nami nakisia mengi ni yangu.

Nyota nne. Ya tano niliiacha pale kwenye kwaya.

Wiki hii chai ni zamu yangu. Birika ni la lita tano, na sukari huisha kabla ya kikombe cha kumi, maana aliyeacha pombe hula sukari kama mchwa.