Wakili wa mirathi Nkrumah Road, nampa nyota 4 kati ya 5

Kama umefiwa na uko hapa Mombasa unatafuta wakili wa mambo ya mirathi, huyu mama ofisi yake iko Nkrumah Road, si mbali na mahakama. Jina siweki manake sijamuomba ruhusa, lakini kazi yake nataka watu waijue.

Kilichonifanya nimuamini ni kwamba kabla hajataja pesa alituuliza maswali kweli kweli kuhusu marehemu babetu. Marehemu alikuwa muislamu? Ameacha wake wangapi, watoto wangapi, wazazi wake wako hai, kuna mtoto wa nje? Hapo mamangu alinyamaza, lakini aliulizwa kwa heshima, akaelezwa kwamba mrithi akifichwa leo kesho atakuja kuvunja kila kitu. Halafu akatwambia wazi, nyinyi wote ni waislamu, mkikubaliana wote basi nendeni Mahakama ya Kadhi, mimi nitawaandalia karatasi tu, mama atapata thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki watoto wa kiume wanapata mara mbili ya wa kike. Mmoja wenu akikataa kwa kadhi ndio mtaenda mahakama zile nyingine za kawaida, ombi la kusimamia mali litangazwe kwenye Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali, mngoje siku 30 kama kuna mwenye pingamizi, na mkishapewa granti, yaani karatasi ya mahakama ya kusimamia mali, kuna miezi 6 mingine kabla ya konfamesheni, mahakama kuithibitisha, ndio mgawane. Wakili tuliyeanza naye hakutwambia hata moja katika haya, alitaka dipoziti tu na risiti hakutoa.

Lakini alipoonyesha anaijua Mombasa ni kwenye nyumba yetu ya Majengo. Wenyeji mwajua hizi nyumba bila ardhi, nyumba umejenga wewe lakini kiwanja cha mtu na kodi ya ardhi unamlipa. Dalali mmoja alikuwa ashatushauri tuandike vyote kwenye mali ya marehemu, nyumba na kiwanja, eti babetu amekaa pale miaka mingi. Huyu mama akataka kwanza kuona risiti za kodi, akasema mali ya marehemu hapa ni nyumba peke yake, mkiandika na kiwanja mwenyewe atakuja kupinga na hata ile ploti ya Kisauni yenye hati itakwama pamoja nayo. Ushauri huu pekee umetuokoa na kesi ya miaka.

Na ndugu yangu mkubwa alikuwa ashaanza kuitafutia mnunuzi hiyo ya Kisauni. Akafunguliwa kitabu cha Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, kuuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa, faini mpaka shilingi 10,000 au jela mpaka mwaka mmoja au vyote viwili. Nyumbani tulimwambia wee hakusikia, pale alisikia.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya simu. Akiwa kortini hashiki, na karani wake kukujibu ni mpaka jioni, na mtu aliyefiwa anakuwa na wasiwasi jamani, neno moja tu la "tutakupigia" lingetosha.

Mkienda bebeni hati ya kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na saachi ya kiwanja, ile karatasi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha mwenyewe ni nani, kama kipo. Na wakili yeyote mtakayempata, huyu ama mwingine, angalieni kwanza kwenye mtandao wa LSK, chama cha mawakili Kenya, kama leseni yake ya mwaka huu iko hai.